Kiti cha Mstari wa Mbele

Ilianza na wimbo, na wimbo wenyewe haukuwa hata na maneno. Mtu alikuwa anaimba amefumba mdomo, taratibu, kama anayebembeleza mtoto, kwenye korido ya picha za zamani. Wanafunzi walikuwa wameshatoka madarasani, jua limeanza kulegea, na mwalimu wa historia alikuwa amesimama pale na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, akijiuliza ni nani.

Wimbo aliujua. Tatizo ni kwamba waliokuwa wanaujua duniani, kwa hesabu yake, walikuwa yeye na binti yake tu.

"Vumbi!" akaita. "Acha utani, njoo tuondoke."

"Niko huku, mama!" Sauti ya binti ilitoka mbali, uwanjani, katikati ya vishindo vya mpira.

Wimbo haukukatika. Ulikuwa unatoka nyuma ya kabati la vikombe vya ushindi.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyu Chaki, kwa sababu ya baka la nywele nyeupe alilozaliwa nalo juu ya paji la uso, utadhani amejipangusa na mikono ya ubaoni. Binti yake alipoingia kidato cha kwanza hapo hapo, naye akiwa na baka lake dogo, hawakuhangaika kutafuta jina. Wakamwita Vumbi, na jina likamganda hadi nyumbani. Chaki alicheka pamoja nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kilichomtoa kwenye utani ni kutajiwa mama yake. Mama huyo, kwa jinsi alivyosimuliwa, alimwacha kwenye geti la shule hii hii akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, akampa mgongo na kwenda zake. Hakumbakishia kitu isipokuwa ule wimbo. Aliyemwokota alikuwa mwalimu kijana, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule. Alimlea, akamsomesha, akamtafutia kazi. Mbele ya watu Chaki alimwita Mkuu, nyumbani alimwita Baba, na hakuwa na ndugu mwingine chini ya jua. Mwanamume aliyezaa naye alikuwa ameingia mitini zamani. Siku Vumbi alipozaliwa, Chaki aliapa kwamba mtoto huyu hatajua kamwe maana ya kuachwa.

Mwaka huo shule ilikuwa inatimiza miaka sitini, na Mkuu, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimpa kazi ya kuandika historia yake. "Nani ataiandika vizuri kuliko mwanangu?" alisema mbele ya walimu wote. Chaki alivimba kichwa kwa furaha. Ndiyo maana alikuwa koridoni jioni ile, anafuta picha.

Akalisukuma kabati kwa bega. Nyuma yake kulikuwa na fremu iliyoegemezwa, uso umegeuzwa ukutani, na palitoka harufu ya udi iliyochanganyika na ya chaki iliyoloa. Wimbo ukanyamaza.

Desturi ya shule ilikuwa hivi: kila baada ya miaka kumi walimu wote walipiga picha ya pamoja, na katika mstari wa mbele kiliwekwa kiti kitupu, cha mbao nyeusi, chenye mikono. Kiti cha heshima, walisema, cha waliotangulia. Picha hizo zilining'inia koridoni, isipokuwa moja ambayo Mkuu alisema iliharibiwa na mvua. Kumbe ndiyo hii, nzima kabisa. Jirani na kiti kitupu ameketi mwanamke kijana asiyetabasamu. Mkono wake uko juu ya mkono wa kile kiti, vidole vimeachana, kama vya mtu aliyeshikwa na mwingine. Juu ya paji la uso wake kuna baka jeupe.

Chaki alikaa chini sakafuni na sketi yake ya kazini.

Kesho yake asubuhi aliichukua picha nyingine, ya miaka ya karibuni, akampelekea mkutubi, mama mtu mzima aliyekaa shuleni muda mrefu kuliko hata makabati. Alitaka kuanza polepole, asionekane kichaa.

"Mama, huyu bwana aliyekaa jirani na kiti ni nani?"

"Huyo? Simjui. Mgeni labda."

"Lakini wewe umesimama nyuma yake. Umemwekea mkono begani."

Mkutubi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaisogeza picha karibu na dirisha na kuitazama kwa muda mrefu.

"Tuna pete," akanong'ona. "Mimi na yeye. Pete zinafanana." Akaugeuza mkono wake mtupu juu chini. "Mwanangu, mimi sijawahi kuolewa." Machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika, naye akayagusa kwa mshangao. "Sasa mbona nalia?"

Chaki hakwenda darasani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu na kuiweka juu ya meza ile picha ya mwanamke mwenye baka.

"Huyu nani, Baba?"

Mkuu hakuitazama. "Funga mlango," akasema. Chaki alipofunga, mzee aliinamisha kichwa akaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu wa tatu mle ndani aliyelala.

"Kiwanja hiki kilikuwa na mwenyewe kabla ya shule. Kila ukuta uliopandishwa mchana, asubuhi ulikutwa umelala chini. Mkuu wa kwanza akaomba suluhu. Yule akasema, haya, jengeni, lakini na mimi niwe mmoja wenu. Nipewe kiti, na kila muongo nipewe wa kukaa naye."

"Yule nani?"

"Usinilazimishe kumtaja humu ndani." Feni ilikuwa imezimwa, lakini karatasi za mezani ziliinuka ncha, kisha zikalala. "Anayekaa jirani naye hafi. Anafutika. Watu wanamwona kama mgeni kwa siku chache, halafu hata kumwona wanakoma. Anabaki anazunguka, anatujua wote, na sisi hatumjui. Anayemkumbuka ni mmoja tu, aliyepanga viti."

"Na aliyepanga viti hapa?"

Mkuu akafumba macho. "Mimi. Mama yako alikuwa mgeni mjini, hana ndugu wa kumuulizia. Siku iliyofuata nilikukuta getini unalia, na walimu wote wanaulizana huyu mtoto wa nani."

Chaki aliikumbuka kila siku aliyomlaani mwanamke yule, kila wakati alipojitazama kwenye kioo na kulichukia lile baka. "Uliniacha nimchukie," akasema. "Miaka yote hii, Baba. Ungeniambia tu kwamba hakuniacha."

"Ningekueleza nini ukanielewa?"

"Hiyo picha ya miaka sitini, ya wiki hii, haitapigwa."

"Kuna muongo mmoja tuliahirisha. Dari la darasa la kidato cha kwanza likaanguka na watoto wakiwa ndani." Vumbi alikuwa kidato cha kwanza. Mkuu akatoka nyuma ya meza, akapiga magoti, mzee mzima, mbele ya mtoto aliyemlea. "Safari hii nitakaa mimi. Nimechoka kukumbuka peke yangu. Viti upange wewe kwa mikono yako, ili abaki angalau mtu mmoja wa kunikumbuka."

Alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Chaki alimwinua. Alimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na huruma ikashinda, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Siku ya picha palikuwa na jua kali. Chaki alipanga viti mwenyewe mbele ya jengo la utawala. Akakiweka kile cheusi katikati, upande wake mmoja akaacha nafasi pana asikae mtu, na upande wa pili akaweka kiti cha Mkuu. Kisha akaweka cha kwake baada ya kile cha Mkuu. Hakutaka Baba aondoke duniani kwa watu akiwa hana wa kumshika mkono.

"Asante, mwanangu," Mkuu akasema walipoketi. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kimejaa jasho.

"Nitakuandika," Chaki akamjibu kwa kunong'ona. "Mabaya na mazuri."

"Jamani, tazameni hapa!" mpiga picha akapaza sauti. "Mtu asitikisike!"

Chaki akatazama kamera. Walimu nyuma yake waliacha kunong'onezana, na hapo ndipo harufu ya udi ilipopanda kutoka chini, nzito, pamoja na ile ya chaki iliyoloa, na akasikia miguu ya kiti ikiburutwa kwenye saruji, mara moja, upande wa Mkuu, kwenda nyuma, akajiambia kwamba mzee anajiweka sawa tu, lakini kile kiganja cha moto kilikuwa kinateleza kutoka kwenye vidole vyake, kinateleza polepole kama cha mtu anayemtoka mgonjwa aliyesinzia, na kabla hajakikamata akasikia mburuto wa pili, mzito zaidi, wa mbao, unaosogea upande wake bila haraka, halafu mkono mwingine ukauchukua mkono wake, mkono wa baridi, wenye vidole virefu vilivyozunguka kiganja chake chote na kurudi kukutana upande wa pili, ukatulia pale kwa upole, kama mkono wa mtu aliyengoja kwa muda mrefu na sasa amepata mwenzake. Alitaka kupiga kelele, na midomo haikufunguka.

Kamera ikalia.

Alipoweza kugeuka, kiti cheusi kilikuwa kimegusana na cha kwake. Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya mstari na kiti chake mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kupanga viti, na alimtazama Chaki kwa macho yanayokumbuka kila kitu.

"Kwa nini?" Chaki akauliza. "Uliniahidi, Baba."

"Niliogopa," Mkuu akasema. "Na wewe huna mwingine wa kukuulizia."

Walimu walianza kutawanyika kwenda kunywa chai. Mkutubi alimpita Chaki, akamwangalia baka lake, akasita, akaenda zake. Mpiga picha alikuja akiwa anakunja miguu ya kamera. "Samahani mama," akamwambia kwa adabu, "wewe ni mgeni wa nani hapa?"

Chaki akakimbia. Alikimbilia kwanza darasani kwa Vumbi na kukuta madawati matupu, maana wanafunzi walikuwa wameruhusiwa mapema kwa ajili ya sherehe. Akatoka getini akashika njia ya nyumbani, viatu mkononi, akipishana na majirani aliokuwa akisalimiana nao kila siku, na leo wakampisha kama wanavyompisha mtu wasiyemjua mwenye haraka zake.

Gari la Mkuu lilikuwa limeshafika. Mlango wa nyumba ulifunguliwa na Vumbi, bado kavaa sare, na mfuko wa nguo begani.

"Shikamoo," Vumbi akasema. "Unamtafuta nani?"

"Vumbi. Mwanangu. Ni mimi."

Msichana akarudi nyuma hatua. Hakuwa na hofu, alikuwa na ile adabu ya mtoto aliyefundishwa vizuri, na aliyemfundisha adabu hiyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake. Chaki akarudisha nywele nyuma, akainama ili baka lionekane vizuri. Vumbi akanyanyua mkono polepole, akagusa baka lake mwenyewe.

"Hata mimi ninalo," akasema.

"Ndiyo. Umelipata kwangu."

Uso wa msichana ukafanya mkunjo mdogo, na Chaki akaacha hata kupumua. Mkuu akatokea ndani akamshika Vumbi bega.

"Mama huyu amepotea nyumba, mjukuu wangu. Chukua mfuko wako. Kuanzia leo utakaa kwangu."

"Babu, anasema baka hili nimelipata kwake."

"Mama yako alikuacha getini ukiwa mdogo. Si nilishakwambia?"

Na Chaki akaona ule mkunjo unageuka kuwa kitu kingine, kitu anachokijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikivaa usoni tangu utoto. Ilikuwa chuki, na ilikuwa yake. "Basi kama ni wewe," Vumbi akasema, "ulikuwa wapi siku zote?"

Mlango ukafungwa kabla hajajibu.

Alizunguka nyuma, chini ya dirisha la chumba cha binti yake, akaegemea ukuta wenye joto la jua. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akafumba mdomo na kuanza kuimba ule wimbo, taratibu, akitumaini kwamba alichobakiziwa yeye kitabaki na kwa mwanawe. Ndani, vishindo vya kufungasha vikatulia. Vumbi alikuwa anasikiliza.

Sauti yake ikakatika kwa kilio katikati ya wimbo. Na hapo, karibu kabisa na bega lake, ambapo hapakuwa na mtu, sauti nyingine ya mwanamke ikaupokea na kuuendeleza mpaka mwisho, bila kukosea hata mahali pamoja.