Breki ya Injinia

Walikutana duka la vifaa, Jumamosi mchana, watu wamebanana kaunta na kila mmoja anamwita muuzaji. Mikono miwili ikashika kopo moja la grisi, na lilikuwa la mwisho.

"Dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Basi endelea kuliona," alijibu dada wa ovaroli ya bluu na hereni za dhahabu. "Mimi nalilipia."

Jamaa akacheka, akaachia. Alikuwa mpiga mbizi. Wenzake walimwita Samaki. Dada alikuwa injinia wa mtambo uliozamishwa mlangoni mwa mto, uzungushwe na maji ya bahari yakijaa na yakipwa, utoe umeme. Hazikupita siku nyingi akamwajiri amkazie mapanga ya mtambo huko chini. Kilichofuata mnakijua wenyewe: simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mpenzi?", na wametoka kuonana sasa hivi.

Siku ya majaribio wakubwa walikuja. Mtambo ukishindwa, mradi unafungwa. Maji yakajaa, mapanga yakazunguka, watu wakapiga makofi. Maji yakasimama, kisha yakaanza kupwa. Mapanga hayakutikisika.

"Umekaza kizembe," Injinia alimfokea Samaki mbele ya kadamnasi.

Samaki akavua miwani ya kuzamia, akaondoka.

Binti wa watu akakimbilia swichi, roho juu, na huko akakuta kazi ya mkono wake mwenyewe. Breki. Aliitega yeye, ijifunge kila maji yanaposimama, maana ndio wakati Samaki anapozama, naye alikuwa akiogopa mapanga yasije yakamkata. Hakumwambia mtu, kisha akasahau kuitegua. Jamani, aibu ilimshika mpaka masikioni.

Angeweza kuitegua kimyakimya, lawama zikabaki kwa mwenzake. Hakuweza. Akapiga simu, ikaita bure. Akapiga tena, akaiweka kwenye spika, wakubwa wakisikiliza.

"Nini tena?"

"Kosa ni langu, mpenzi. Nilitega breki nisikupoteze, nikasahau. Nimekuonea mbele za watu, nakuomba radhi mbele zao."

"Yaani nimefokewa kwa sababu napendwa?"

"Ndiyo hivyo."

"Una wazimu wewe. Haya, achia breki."

Akaachia. Mapanga yakazunguka upande wa pili, na taa zote za soko la ng'ambo ya mto zikawaka jioni ile. Wakubwa wazima, na suti zao, wakakumbatiana.

"Zimewaka?" Samaki aliuliza.

"Zote. Sasa rudi unioe."

"Nipo hapa getini," alisema. "Sikwenda mbali."