Bundi Waliofuata Panya

Mwaka wa kwanza katika kijiji kipya cha ujamaa, mahindi ya Magige na mkewe Philomena yalistawi ajabu. Kisha panya wakaja. Kila asubuhi Philomena alikuta mahindi mengine yametafunwa.

"Baba Esta, haya yakiisha watoto watakula nini?" aliuliza.

 Jioni Magige alikwenda shambani, akarudi mbio.

"Bundi! Wawili! Wametaga chini, kwenye nyasi za kando ya shamba! Hapa Machochwe hatujawahi kuona bundi wa namna hii. Ni mkosi! Nipe kiberiti, nichome nyasi zote!"

Magige akipandwa na hasira habishiwi. Philomena alimpa kiberiti, kisha akatoka mbio kumwita Verdiana, bibi shamba wa kijiji.

Waliwahi. Moto ulikuwa umeshika majani machache tu. Verdiana akaukanyaga ukazimika. Akaokota donge la manyoya karibu na mayai.

"Mavi hayo?" Magige aliuliza, amekunja pua.

"Matapishi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Haya, nitafutie humo punje ya mahindi."

Magige alilipasua. Akaona taya la panya. Taya jingine. Fuvu. Punje, hakuna hata moja.

"Kumbe wanakula adui zangu!" alipaza sauti.

"Ndiyo maana wamekuja, wamefuata panya. Kaskazini kabisa, kwenye nchi za theluji, yuko bundi mweupe. Naye hutaga chini. Miaka mingine husafiri mbali sana kusini, mpaka mahali asipojulikana. Huko watu humiminika kumtazama. Wewe wako unamwashia moto!"

Philomena alicheka mpaka akashika mbavu.

"Lakini msimwachie bundi kazi yote," Verdiana aliendelea. "Vuneni mahindi yanapokauka tu, msiyaache shambani. Fyekeni nyasi karibu na ghala. Zungushieni miguu ya ghala mabati, panya asipande."

Walifanya yote. Panya wakapungua, ghala likajaa. Mayai nayo yakaanguliwa. Magige akawa mlinzi wa kiota, na ole wake mtoto aliyeokota jiwe!

Siku moja Philomena alipika ugali wa mahindi mapya. Watoto walikula wakashiba, wakasaza. Baba yao hakuonekana. Alikuwa kando ya shamba, akipiga kelele kijiji kizima kisikie:

"Wameruka! Jamani, watoto wangu wameruka!"