Mawese Ndani ya Gurudumu

Kila Jumamosi Huguette alifua sare yake ya shule, akafagia uwanja, kisha akaenda kumsaidia baba yake, Herménégilde, kwenye gari. Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko Huguette na rangi yake ilikuwa imebaki mabaka mabaka, lakini katika mtaa wao wa Kinama ndilo pekee lililokuwa bado linatembea. Ulikuwa wakati wa vita, tena nchi ilikuwa imefungiwa biashara, na vipuri vilikuwa adimu. Wengine walishayaachia kuku magari yao. Kwa hiyo mgonjwa akizidiwa, watu walijua pa kubisha hodi.

Wiki hiyo gurudumu moja la nyuma lilianza kunguruma. Herménégilde alilitikisa, likacheza, naye akajua kwamba beringi, ile pete ya gololi inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, imekwisha. Kwake hiyo ilikuwa habari mbaya sana, maana alikuwa amemwahidi jirani yao Léocadie kumfikisha hospitali ya mjini Jumapili asubuhi. Léocadie alikuwa na mimba ya mapacha, mmoja wao amelala vibaya, na daktari alikuwa amemkataza kuzalia nyumbani. Njia ya kushuka mjini nayo ilikuwa na sehemu ambayo risasi zililia bila taarifa. Gari likikwama pale, hakuna dereva wa kusimama kukusaidia.

Kwa bahati, beringi mpya ilipatikana Uvira, ng'ambo ya mpaka. Grisi ilikuwa kidogo tu, ndani ya kopo la maziwa. Herménégilde aliinua gari kwa jeki, akazuia magurudumu mengine kwa mawe, akaling'oa lile bovu pamoja na dramu yake ya breki. Beringi ya zamani ilitoka nyeusi, imeungua. Kazi ya kushindilia grisi kwenye beringi mpya alimwachia Huguette, kwa sababu vidole vyake vyembamba viliweza kuisukuma katikati ya gololi mpaka itokeze upande wa pili. Hiyo ni kazi ya fundi hasa, na binti huyo alivimba kichwa.

Baba alipotoka kidogo kutafuta pini ya kuizuia nati, Huguette aliligonga kopo kwa goti. Likapinduka, na nusu ya grisi ikaingia mchangani. Aliitupa ile iliyochafuka, akaona iliyobaki haitoshi. Sasa nyumbani kwao siku hizo kila kitu kilikuwa na mbadala wake: kahawa ilikuwa soya iliyokaangwa, na sabuni ikikosekana mama alifulia majani ya mpapai. Basi Huguette akakimbilia jikoni, akachota mawese, akayakoroga na grisi. Alijiambia kwamba mafuta ni mafuta. Beringi ilimetameta vizuri, na hakuna aliyemwona.

Herménégilde aliporudi alirudisha kila kitu mahali pake, akakaza nati, akapitisha pini. Alipolizungusha gurudumu, halikutoa hata mlio. Majirani waliokuwa wamekuja kutazama aliwaambia kwa majivuno kwamba hiyo ni kazi ya Huguette, nao wakapiga makofi. Léocadie, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kando ya ukuta, akamwita, akaishika mikono yake iliyojaa mafuta.

"Mikono hii ndiyo itanifikisha kesho," alimwambia. "Mungu aibariki, mwanangu."

Huguette alijisikia vibaya mno. Alikumbuka baba alivyomweleza kwamba beringi isiyo na grisi hupata moto mpaka gurudumu linajifunga njiani. Alitamani kukimbilia ndani ajifiche. Aliogopa hasira ya baba, na zaidi ya hapo aliona aibu mbele ya wale waliompigia makofi. Lakini tumbo la Léocadie lilikuwa pale pale mbele ya macho yake.

"Papa, ufungue tena," alisema. "Grisi ilimwangika. Mi niliongeza mawese."

Herménégilde alifungua, akanusa kidole chake, na kweli kilinuka kama jikoni. Alisema kwa huzuni kwamba mawese yangeyeyuka na kuvuja kabla hawajafika nusu ya njia, kisha akauliza grisi nyingine itatoka wapi. Huguette alimjibu kwamba ataitafuta yeye mwenyewe.

Alichukua kopo, akaenda mbio mpaka mtaa wa jirani wa Carama, kwa Papa Népomuscène, fundi wa malori. Mzee huyo alisema hapana, pipa lake la grisi limekwisha. Huguette hakuondoka. Alimsimulia yote, na mawese hakuyaruka, mpaka mzee akacheka machozi yakamtoka. Kisha akasema kwamba huenda chini kabisa pamebaki kitu, ila mkono wake haufiki. Huguette alililaza pipa, akajipenyeza hadi mabegani, akakwangua ukoko mgumu kwa kijiko. Mkono ulimuuma, jasho likamtiririka, naye akaendelea mpaka akaifikia grisi laini, safi. Alitoka na kopo limejaa.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Baba alikuwa ameshaiosha beringi kwa petroli na kuikausha, akampa tena aishindilie. Hata safari hii hakusimama kumchunga.

Jumapili gari lilishuka mjini kimya. Kwenye kizuizi wanajeshi walichungulia ndani, wakaona tumbo la Léocadie, wakawapisha. Langoni mwa hospitali Herménégilde alimwambia Huguette aguse katikati ya gurudumu la nyuma. Lilikuwa vuguvugu tu. Kabla ya saa sita mapacha walikuwa wamezaliwa, msichana na mvulana, na Huguette alicheza ngoma uwanjani mwa hospitali bila kujali nani anamtazama.

Baba alimsubiri amalize.

"Kumwanga grisi ni kosa dogo, hata mi ninakosea," alimwambia. "Lakini ulipolificha, ulilipakia kosa hilo ndani ya gari, ukalikalisha pamoja na mama na watoto wake. Uliposema ukweli ndipo ulipolishusha. Fundi wa kweli anaweza kusema 'ufungue tena, nimekosea', hata kama watu wamekwisha kumpigia makofi. Leo we ni fundi."

Walirudi Kinama vioo vikiwa wazi, na Huguette akawatangazia majirani, nyumba kwa nyumba, kwamba wamezaliwa wawili na wote ni wazima.