Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Jumapili baada ya misa, nyumba ya Papa Mushagalusa huko Kasha, Bagira, ilinukia samaki. Mkewe, Maman Constance, alikuwa akikaanga sambaza. Binti yao Noëlla alikuwa akipiga pasi. Mushagalusa mwenyewe, fundi seremala, alikuwa akionja kasiksi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Pombe ile aliipenda kama mtoto wake wa nane. Miaka ile ya Zaïre majina ya kizungu yalikatazwa kwenye karatasi, lakini nyumbani mkewe alimwita Venant, tena kwa sauti kubwa.

"Constance, yule jirani mupya, fundi wa nguo, hatujamukaribisha bado," alisema Mushagalusa. "Mwezi muzima! Ni haya."

"Basi umupelekee kitu, Venant. Miguu si unayo?"

Akajaza kibuyu, akavuka njia.

Jirani aliitwa Asumani. Alitoka Kasongo pamoja na mkewe. Walikuwa Waislamu, na hakukuwa na wengine katika njia ile. Mushagalusa alifuata desturi ya kwao. Alikunywa kwanza yeye, ili mgeni aone kwamba ndani hamna sumu. Kisha akamnyooshea kibuyu.

"Aksanti, Papa," alisema Asumani. "Miye siwezi." Akakirudisha kwa mikono miwili, kimejaa.

Mushagalusa alikipokea. Kwao, ukikataa pombe ambayo mwenyewe ameshaionja, umemwambia neno moja tu: wewe ni mlozi, unaua watu kwa sumu. Hakuna tusi baya kuliko hilo. Alirudi nyumbani na kibuyu chake.

Hasira hasara, lakini nani hukumbuka methali wakati damu inachemka? Mushagalusa alisimulia kazini. Alisimulia kwenye bomba la maji. "Yule Mwislamu alikatala kibuyu yangu! Mbele ya bibi yake!" Waliosikia wakaongeza chumvi. Wakasema Waislamu huogopa sumu kwa sababu wao ndio wenye sumu. Wanawake wakaacha kumpelekea Asumani vitambaa. Mkewe alipokuja bombani, wengine walibeba ndoo zao na kuondoka.

Juma la tatu, Tonton Adalbert alifika kwa Mushagalusa. Huyu alikuwa mjomba wa Pascal, kijana aliyemposa Noëlla. Alipewa kiti, akakataa kukaa.

"Mushagalusa, tulipashwa kuleta ngombe siku ya posho, hii Jumamosi," alisema. "Lakini kule kwetu banasema kwako hata majirani banaogopa kunywa. Hatutaki kuoa mu nyumba ya sumu. Nitarudi kesho, unipe jibu."

Noëlla alisikia yote. Aliacha pasi juu ya meza, akaingia chumbani, akalia. Mushagalusa aliona aibu na hofu kwa pamoja. Neno alilolitangaza kumhusu jirani lilikuwa limemrudia yeye, na sasa lilitaka kumvunjia mtoto ndoa.

Maman Constance hakungoja. Alikwenda kumwita Madame Virginie, mwalimu aliyewafundisha akina mama kusoma katika ukumbi wa parokia. Zamani mwalimu huyu alifundisha Kasongo miaka sita.

"Papa, ulimupa Mwislamu pombe?" aliuliza Virginie.

"Nilimupa heshima!"

"Ulimupa pombe. Dini yao inaikatala. Ya ndizi, ya chupa, hata ya kuonja tu. Akiletewa na baba yake muzazi, hanywi. Hakuogopa sumu, Papa. Aliogopa Mungu."

Mushagalusa alikuna kichwa. "Basi juu ya nini hakusema?"

"Na weye, juu ya nini haukuuliza? Kule Kasongo Waislamu ni wengi. Mutu akisema 'siwezi', kila mutu anaelewa. Hakujua kama huku kwetu kukatala kibuyu ni kumuita mutu mulozi. Ijumaa Kuu, jirani akikuletea nyama, unakula?"

"Hapana! Siku ile?"

"Basi ukimurudishia sahani yake, umesema anataka kukuua?"

Maman Constance alicheka. "Venant, umeshikwa."

"Lakini ile sumu ya Waislamu, batu banasema..."

"Nani alikufa?" aliuliza Virginie. "Nitajie jina moja."

Mushagalusa alitafuta. Hakupata hata moja.

Alivuka njia mchana uleule. Kwa Asumani alikuta cherehani imefungwa kwa kamba na sufuria zimetiwa ndani ya magunia.

"Tunarudi Kasongo," alisema Asumani. "Hapa batu hawatutaki."

Mushagalusa alimweleza kila kitu. "Nilifikiri unaniita mulozi. Nikasimulia fasi yote. Batu banawakimbia juu yangu. Unisamehe."

"Mulozi? Miye nikuite mulozi?" Asumani alishika kichwa. "Nilisikia haya tu, Papa. Umeniletea zawadi na siwezi kuipokea. Kisha nikaona munatuchukia, nikasema ni juu ya dini. Bibi yangu analia kila siku. Hiyo nayo ujue."

Mushagalusa aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kuomba neno lolote. Asumani ndiye aliyeuliza: "Na ndoa ya mutoto? Nilisikia iko na shida. Yule muzee anarudi lini?"

"Kesho."

"Tutakuya. Pombe yako nitaikatala tena. Lakini chakula sijakatala. Haujanikaribisha kula."

Kesho yake, mbele ya Tonton Adalbert, Mushagalusa alieleza kosa lake bila kujificha. Kisha Asumani na mkewe walinawa mikono. Walisema "Bismillahi", wakamega ugali wa Maman Constance pamoja na sambaza zake. Walikunywa maji ya mtungi wa nyumba ile. Tonton Adalbert aliwatazama mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Maman," alisema mwishowe, akivuta kiti, "hakuna samaki ingine yangu?"

Noëlla ndiye aliyemletea, akikimbia. Siku ya posho ng'ombe walifika.

Jumatatu, Mushagalusa alikwenda bombani asubuhi, wakati watu ni wengi. Magunia ya Asumani yalikuwa yameshafunguliwa, lakini hilo halikumtosha. Uongo aliuanzisha mwenyewe mahali pale.

"Musikilize," alisema. "Jirani yangu hanywi pombe juu ya dini yake. Sikumuuliza, nikasema mbaya yake. Mu njia yetu mulozi haiko. Kulikuwa mujinga mumoja tu, na ni miye."

Watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Kisha mke wa Asumani akafika na ndoo yake, na safari hii wanawake walisogea kumpa nafasi.