Unga Chini ya Turubai

Kila asubuhi, Bibi Muanacha akishatwanga muhogo mkavu, mjukuu wake Anchia alichanganya unga na maji, akautandaza mwembamba mkekani, kivulini, kisha akaufukuzia kuku mpaka alasiri.

Siku moja kuku walimchosha. "Leo mtanikoma!" aliwaambia. Akaurundika unga katikati ya mkeka, akaufunika kwa turubai na kubana pembe kwa mawe. Kisha akaenda kucheza na Useni, mdogo wake wa miaka minne.

Alasiri bibi alirudi kutoka shambani, akasonga karakata, ugali wao wa muhogo, akawapakulia. Useni alikuwa na njaa kali, hivyo Anchia akampa na fungu lake lote kabla hajalionja. Bibi alipokaa kula, alitema tonge la kwanza.

"Mbona mchungu hivi? Acheni kula!"

Useni alikuwa amekwisha kumaliza. "Dada, kichwa kinazunguka," alisema, kisha akatapika.

"Anchia, mjukuu wangu, unga uliutandaza vipi?"

Anchia alitamani kusema "kama kawaida." Akamtazama mdogo wake alivyolegea. "Niliurundika, bibi. Nikaufunika."

Bibi hakumgombeza. Alimbeba Useni mgongoni, wakakimbia zahanati. Muuguzi alipouliza mtoto amekula nini, Anchia alieleza yote. Muuguzi akaanza matibabu hapo hapo, wala hakutoka kando ya kitanda. Jua lilipokaribia kuzama, Useni alifumbua macho. "Kuku wamekula ugali wangu?" akauliza. Bibi alicheka huku akijifuta machozi.

Njiani kurudi, Anchia alisema, "Bibi, tuung'oe muhogo wote. Una sumu."

"Mwaka jana nguruwe mwitu walimaliza muhogo mtamu wa jirani. Wetu je?"

"Walionja, wakaenda zao."

"Na wakati wa ukame tulikula nini?"

"Muhogo wetu," Anchia alijibu taratibu.

"Basi. Sumu hiyo hutulindia shamba. Nyumbani ndipo tunapoitoa. Unga ukiloweshwa, sumu hupanda hewani, nawe uliifungia humo ndani. Najua ulitaka kunisaidia. Siku nyingine ukitaka kubadili kazi, niulize kwanza. Na ahsante kwa kusema kweli, mwanangu. Muuguzi alijua mara moja la kufanya."

Kesho yake unga ulitandazwa mwembamba, wazi. Useni aliketi kando ya mkeka, amepakatwa na dada yake, kijiti mkononi.

"Shii! Nendeni kwenu!" aliwafokea kuku.

Alasiri bibi aliuchota unga kidogo, akauonja na kutabasamu. "Sasa tunaweza kula."