Busu la Aliyelala

Lifti ya duka kubwa ilikwama adhuhuri, imejaa watu na harufu ya makwapa. Fundi alipofungua mlango, wa kwanza kutoka alikuwa nesi mwenye sare nyeupe na mtandio wa njano, uso kaukunja.

"Pole, malkia."

"Malkia gani ananuka jasho la wenzake? Na usinishike na grisi yako!"

Fundi alicheka, nesi naye akashindwa kujizuia, akacheka. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje sijaisikia sauti yako?" Jumapili moja fundi akamwalika kwa mama yake watazame katuni ya kale aliyoipenda tangu utotoni. Nesi hakuwahi kuiona. Mama aliketi katikati, bakuli la bisi mapajani.

Binti mfalme alilala usingizi wa uchawi. Kijana akaja juu ya farasi mweupe, akainama, akambusu mdomoni. Fundi akashusha pumzi kwa raha.

"Ptuu!" Nesi alisukuma bisi mbali. "Si amelala huyo? Kamwomba nani ruhusa?"

"Ndiyo mapenzi hayo, laazizi."

"Mapenzi! Mimi nasafisha vinywa vya waliolala. Mate yameganda, ulimi una utando. Na huyu hata jina hajataja. Kinyaa kitupu!"

Mama alicheka hadi bisi zikamwagika. "Kweli, mwanangu. Baba yako angenifanyia hivyo ningemzaba kofi."

Fundi alihisi amevuliwa nguo. "Huna moyo wewe. Rudi kwa wagonjwa wako."

Nesi akajitanda mtandio, akatoka. Simu zikanyamaza.

Haukupita muda mrefu, mama akaanguka jikoni, akalazwa bila fahamu. Fundi alipofika wodini alisikia sauti nyuma ya pazia, akasimama.

"Mama, ni mimi, yule aliyekuharibia bisi. Nataka kukusafisha kinywa. Maji ni ya uvuguvugu. Nianze?"

Nesi alingoja, kama anayetarajia jibu, ndipo akaanza. Harufu ikatoka hadi nje ya pazia. Fundi akaziba pua, kisha akaona haya, akaiachia. Mle ndani nesi alikuwa akiendelea kuzungumza taratibu, kama walivyozungumza sebuleni.

Mama hakuamka. Fundi alimbusu kwenye paji la uso, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuamka.

Baada ya maziko alimsubiri nesi kwenye lango la hospitali. Alipotokea, fundi alibaki hatua chache mbali naye.

"Ni mimi, fundi lifti. Nimenawa. Nataka kukushika mkono. Na ukiridhia, nikuoe. Nianze?"

Fundi hakusogea, alingoja.

Macho ya nesi yakashuka kwenye kucha za fundi, zingali na weusi pembeni. Akakunja pua.

"Umenawa na nini?"

"Sabuni ya unga."

"Hovyo," akasema, na mkono akamnyooshea.