Mwizi Aliyeacha Mpira

Kilichoibwa kilikuwa chuma kitupu. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Msaidizi Anania Silwimba asubuhi ile ya Jumanne, mwaka 1953, akiwa amechuchumaa nyuma ya gari la kale mbele ya nyumba ya wageni ya Tunduma.

Gari lilikuwa la mwaka 1922, jekundu, taa zake za shaba zinang'aa kama vyombo vya harusi. Lilitoka Mbozi, likielekea Abercorn, ng'ambo ya mpaka, kwenye maonyesho ya magari ya kale yatakayofanyika Jumamosi. Nyuma yake, mahali pa gurudumu la akiba, palikuwa patupu. Ringi la chuma lilikuwa limetoweka. Lakini mpira wake, mpya kabisa, ulikuwa umelazwa kwenye kiti cha nyuma. Tyubu ilikuwa imekunjwa vizuri kama shuka.

"Afande, mwizi huyu hana akili," alisema Konstebo Danford. "Angechukua mpira, angeushonea ukoo mzima makatambuga. Yeye kabeba duara la chuma!"

"Ana akili zake," alijibu Anania. "Sisi ndio hatujazijua."

Kabla ya kufungua daftari aliinamisha kichwa kidogo akasali moyoni, kama alivyozoea. Bwana, nisimfunge asiyehusika. Kisha akachukua kalamu.

Mwenye gari, Bwana Hollis, mkulima wa kahawa, alikuwa akitembea huku na huko.

"Ni dereva wangu," alisema. "Mimi nililala ndani, yeye alilala barazani. Nani mwingine? Ringi lile ni la asili, limetoka na gari kiwandani. Bila hilo waamuzi hawatanitazama. Lisipopatikana kabla ya Jumamosi, nataka ashitakiwe."

"Ringi lilikuwa kwenye gari siku zote?"

"Hapana. Lilipotea miaka mingi. Nimelipata mwezi huu."

"Wapi?"

"Huko huko Mbozi. Je, hilo litakusaidia kumkamata mwizi?"

Anania aliandika jibu lile kama lilivyo, akapiga mstari chini yake.

Dereva, Lusubilo, mtu wa Itumba, mwembamba, alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono imefungwa pingu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Hilo alilisema mara tatu kabla hajaulizwa lolote.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mtoni, Afande. Kuchota maji ya rejeta. Gari hili linakunywa kuliko ng'ombe."

"Ulikaa muda gani?"

"Nilijaza madebe mawili. Niliporudi, nikakuta hivi."

Anania aliuinua mpira, akaukagua ukingo wote kwa kidole. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu aliyeutoa aliijua kazi hiyo, tena aliifanya upesi, bila taa.

"Hilo ringi lilikuwaje? Lilikuwa na alama?"

"Tulilipaka rangi Jumamosi, haijakauka sawasawa. Na lilikuwa na mabonde, Afande. Sehemu moja tu. Kama limegongwa nyundo hapo hapo, miaka na miaka."

Anania alisimama. Alichukua spana kwenye sanduku la vifaa, akainama na kuligonga ringi la gurudumu la mbele. Likatoa sauti butu, maana lilikuwa limevishwa mpira. Akalala chali chini ya gari, akagonga tena. Danford alimtazama bosi wake kwa huruma.

"Danford, ulisoma shule gani?"

"Ya misheni, Afande."

"Mlikuwa mnaitwa darasani kwa kitu gani?"

"Kwa ken..." Konstebo alinyamaza. Taratibu mdomo ukabaki wazi.

Anania alirudi kwa Lusubilo. "Jana njiani mlikutana na nani?"

"Hakuna gari lililotupita, Afande. Ila yule babu."

"Babu gani?"

"Alitusukuma. Gari lilichemka kila kilima, na kila tuliposimama lipoe alitufikia kwa miguu. Vilima vitatu alisukuma. Nilimpa chakula akakataa, akanywa maji tu. Alikuwa anapenda kushika lile gurudumu la akiba. Nikamtania, 'Babu, unataka kulioa?' Akaniambia, 'Nimeishi nalo kuliko unavyodhani.' Nikacheka."

"Mlianza kumwona wapi?"

"Njia panda ya Hasamba."

Bwana Hollis hakutaka dereva aachiwe, na dereva mwenyewe hakuwa na mdhamini. Lusubilo akaingia mahabusu.

Jumatano asubuhi Anania na Danford walifika Hasamba kwa Landrova. Ukungu ulikuwa umeshika mashamba ya kahawa. Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa nyasi. Kwenye mti wa mbele kilining'inia kipande cha mnyororo. Chini yake, jembe kuukuu liliegemezwa shinani pamoja na nyundo.

Mzee Kefa Nzowa, mpiga kengele, alikuwa akipalilia nyuma ya nyumba yake. Mkewe, Leah, aliketi mlangoni akipukuchua mahindi, macho yake meupe yakitazama pasipo kuona. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Askari hawaji shambani kupalilia."

"Kengele yenu iko wapi?"

"Ilishushwa. Watu wa Bwana Hollis walikuja na ngazi."

"Sasa mnaita watu kwa jembe?"

"Jembe halifiki hata bondeni. Linaita kuku."

Leah alicheka. Kefa hakucheka.

"Jumatatu ulikuwa wapi, mzee?"

"Matembezini."

"Matembezi ya kufika Tunduma?"

"Miguu ni yangu."

"Shati lako la Jumatatu liko wapi?"

"Limefuliwa."

Lilikuwa limeanikwa kwenye ua. Bega la kulia lilikuwa limesuguliwa mpaka uzi ukachoka, lakini wekundu wa rangi ulikuwa umebaki. Anania aliligusa. Angeweza kumwamuru Danford apekue. Kihenge cha mahindi kilikuwa hatua kumi tu, na mfuniko wake ulikuwa umekaa upande.

Badala yake aliketi kwenye gogo.

"Mzee, nikueleze jambo, kisha niondoke. Kuna kijana anaitwa Lusubilo. Ndiye aliyekupa maji. Yuko mahabusu tangu jana, na Jumamosi atafunguliwa mashitaka ya wizi. Mkewe ni mjamzito."

Jembe la Kefa lilisimama hewani.

"Yule mcheshi?"

"Yule."

"Kwani wamemshika yeye kwa nini?"

"Maana alikuwa karibu."

Anania aliaga. Danford alimfuata akinong'ona, "Afande, kihenge! Kiko pale!" Lakini Anania aliendelea kuteremka, midomo ikichezacheza kwa sala.

Hawajafika kwenye Landrova, kengele ikalia.

Haikuwa sauti ya jembe. Ilikuwa nzito na tamu, ikapasua ukungu, ikavuka bonde na kurudi. Watu wakatoka mashambani wakikimbia, majembe begani. Jumatano, saa nne: nani amekufa?

Walipofika kanisani, ringi jekundu lilikuwa limening'inia kwenye mnyororo, na Mzee Kefa alikuwa ameshika nyundo.

"Hakuna msiba," aliwaambia. "Nimewaita mnisikie. Ringi hili nimeliiba mimi, kwa mikono yangu. Kijana wa watu hana kosa."

"Eleza yote, mzee," alisema Anania, daftari wazi.

"Nilikuwa turnboi, msaidizi wa safari, wa mwenye gari wa kwanza. Mwaka wa ishirini na tisa gari lilizama matopeni hapo mtoni. Kijiji kizima tulilivuta kwa kamba kutwa nzima. Lilipotoka, bwana yule alitupatia hili ringi, akasema, 'Liwe kengele yenu.' Mimi nikawa mpigaji. Leah alipopofuka, mimi hutangulia kupiga, naye huja peke yake, anafuata sauti na fimbo yake. Miaka kumi na tisa hajapotea. Walipolishusha, Jumapili ya kwanza tu aliingia kwenye ukungu. Tulimkuta adhuhuri, kalala ndani ya kijito, mguu umevunjika."

Anania aliandika mpaka mwisho.

"Na mpira? Kwa nini uliuacha?"

Kefa alimshangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini hakuwaiba watoto wa jirani.

"Tulipewa chuma, mwanangu. Mpira hatukupewa."

Jioni ile, kituoni Tunduma, Anania aliweka daftari mezani mbele ya Bwana Hollis.

"Mwizi amekiri. Ila nina kesi mbili, Bwana, nami sijui nianze na ipi. Ringi ulilipata wapi?"

"Lilikuwa la gari langu!"

"Wapi, Bwana?"

Hollis alitazama mstari uliopigwa chini ya jibu lake mwenyewe. "Mtini," alisema mwishowe. "Kanisani."

"Ulijua walipewa?"

Nje, Danford alikuwa akifungua mlango wa mahabusu, funguo zikigongana.

"Mwenye gari wa kwanza aliniambia aliponiuzia," alisema Hollis polepole. "Nilidhani wao hawawezi kukumbuka."

Hakuomba kesi iendelee. Ijumaa alfajiri gari lilivuka mpaka, likitoa moshi, Lusubilo kwenye usukani, madebe mawili ya maji miguuni pa bwana wake. Nyuma, mahali pa gurudumu la akiba, palikuwa patupu.

"Wakikuuliza huko maonyeshoni ringi liko wapi?" Anania alikuwa amemwuliza kabla hajaondoka.

Lusubilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Nitawaambia liko kazini, Afande."